Ahadi ni Deni, Hata Katika Mchezo



Yako maneno mawili ambayo wazazi wengi wa pwani huyatumia kufunga mlango wa mazungumzo: "mchezo tu". Kijana anaingia ndani amenuna, kwa sababu hadithi aliyoifuata miaka mitatu au minne katika gemu la kompyuta imemalizika vibaya. Baba humtazama, hutikisa kichwa, akasema: "Mchezo tu huo!" Kisha hurejea kwenye kahawa yake. Maneno hayo ndiyo ninayoyapinga leo.

Najua mwenzangu ataniuliza: "Shehe, wewe na magemu wapi na wapi?" Jawabu ni nyepesi. Mimi ni mwalimu wa watoto, na watoto hawaachi mazungumzo yao mlangoni pamoja na viatu. Hapa Amani, juu ya milima ya Usambara, na kule chini Muheza mpaka Tanga mjini, vijana huzungumza magemu kama babu zao walivyozungumza majahazi na pepo za kusi. Ama swali la kijana akae saa ngapi mbele ya kioo, na wakati wa sala umpite au usimpite, hilo ni swali kubwa na lina mahala pake. Leo sizungumzi juu ya wakati. Nazungumza juu ya haki.

KISA CHENYEWE

Katika ugomvi wote uliowahi kuzuka juu ya mwisho wa gemu, uliotia fora ni huu. Kampuni ya BioWare, ya mji wa Edmonton nchini Kanada, ilitoa gemu liitwalo Mass Effect mwaka 2007. Likafuatwa na la pili mwaka 2010, na la tatu, la kufungia hadithi, mwezi wa Machi 2012. Ni hadithi ya kamanda mmoja, Shepard, anayepigana kuwaokoa walimwengu na mashine ambazo kila baada ya miaka 50,000 huja kuyafyeka mataifa yaliyostaarabika.

Mpaka hapo hapana jipya. Majitu na mashujaa tunao tangu Alfu Lela u Lela. Jipya lilikuwa hili: mchezaji hakuwa msikilizaji tu. Alichagua kusamehe au kuua, kusema kweli au kulaghai, kumpeleka sahibu huyu kwenye hatari au yule. Na aliyoyachagua katika gemu la kwanza yalihifadhiwa, yakahamishiwa la pili, kisha la tatu. Aliyemwua mtu katika gemu la 2007 hakumkuta hai katika lile la 2012. Miaka mitano kijana alibeba matendo yake mgongoni.

Na wenye mali waliinadi mali yao kwa sifa hiyo hasa. Kabla gemu la tatu halijatoka, mkuu wa kazi hiyo, Casey Hudson, aliwaambia watu kwamba huo hautakuwa mwisho wa kuhesabika kwa A, B na C. Watu wakanunua. Walipofika ukingoni, wakatokewa na kiumbe mwenye sura ya mtoto, akawawekea mbele yao njia tatu. Kila njia ilileta picha zilizokaribiana mno, na kwa macho tofauti yake kubwa ilikuwa rangi: nyekundu, buluu na kijani. Wale waliosamehewa, wale waliookolewa, mataifa yaliyopatanishwa kwa taabu, yote hayo hayakuonyeshwa yaliishia wapi.

Msomaji ambaye hajapata kushika gemu, nikupe mfano wa nyumbani. Umekwenda kwa fundi cherehani kushonesha kanzu ya Idi. Amekupima mabega, kifua na mikono. Amekuita mara ya pili akakupima upya. Amekuita mara ya tatu. Kila ukienda anakuambia: "Hii itakuwa yako wewe, haitamfaa mwingine." Siku ya siku unafika, anakutolea kanzu tatu zilizoshonwa kiwandani, za kipimo kimoja, mbali mbali kwa rangi ya darizi shingoni tu. Anakwambia: "Chagua." Utasema ni nguo tu? Au utamwuliza vile vipimo vilikuwa vya nini?

JAWABU KWA WAZAZI

Basi wewe unayesema "mchezo tu", kwanza nakuuliza: ni nani barazani aliyeacha kuzungumza mpira kwa kuwa ni mchezo? Coastal Union walichukua ubingwa wa Bara mwaka 1988, na mpaka leo wako wazee wa Tanga watakaokuhadithia msimu ule pasi kwa pasi, na sauti ikipanda. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Kijana naye ana baraza lake.

Pili, malalamiko ya kijana huyu yana nguvu kuliko ya mzee wa mpira. Katika mpira hapana aliyekuahidi ushindi. Ulilipa kiingilio uone watu wakishindana, umewaona, biashara imekwisha. Timu yako ikifungwa kwa haki huna la kudai. Lakini huyu aliambiwa: lipa, chagua, na uchaguzi wako utakuwa na uzito mpaka mwisho. Hiyo ni ahadi, na ahadi ni deni. Deni halifutiki kwa kuwa lilikopwa penye kicheko.

Katika vitabu vya fiqhi tunavyosomesha, mnunuzi aliyekuta katika bidhaa aibu iliyokuwamo kabla ya kuuziwa ana khiyari ya kuirudisha. Na kila mwanachuoni mdogo anakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akaingiza mkono ndani ya chungu ya nafaka, akakuta chini imeloa. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa mbona hakukiweka kile kilicholoa juu, watu wakakiona. Hakuulizwa kama chakula chake ni cha anasa au cha dharura. Aliulizwa kwa nini kizuri kiko juu na kibaya kiko chini.

JAWABU KWA WATETEZI WA WENYE MALI

Liko kundi la pili, nalo ni la wasomi. Hao husema: hadithi ni mali ya mtungaji, na msomaji asiyeipenda na atunge yake. Neno hili lina ukweli ndani yake, na ukweli haukataliwi.

Mwaka 1893 Arthur Conan Doyle alimwua katika kitabu mpelelezi wake Sherlock Holmes, ambaye Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla wa Unguja hufananishwa naye mara nyingi. Wasomaji walighadhibika, wakamwandikia barua za ukali. Miaka kumi baadaye, mwaka 1903, akamrudisha hai. Mimi nasema wasomaji wale hawakuwa na haki yoyote juu yake. Walikuwa na mapenzi, na mapenzi si hati ya deni. Doyle hakupata kumwahidi mtu kwamba Holmes hatakufa. Angemwacha chini ya maporomoko ya maji milele, asingekuwa amemdhulumu mtu.

Lakini mtungaji aliyemkabidhi msikilizaji usukani, akachukua fedha yake kwa sababu ya usukani huo, hawezi katika saa ya mwisho kumwambia: "Usukani huu haukufungwa kwenye jahazi." Akisema hivyo, asijifiche nyuma ya sanaa. Sanaa haikumtuma kuahidi; soko ndilo lililomtuma. Anayeahidi kwa ulimi wa mfanyabiashara asijibu kwa ulimi wa mshairi.

Wazee wetu wa hadithi walijua adabu kuliko hawa. Msimulizi aliita, nasi tukaitikia hadithi ije. Tulijua ni uongo, na tuliutaka uongo ule ukolee. Na alipomaliza, desturi yake ilikuwa kutangaza kwamba ikiwa imekuwa njema ni ya watu wote, na ikiwa mbaya ni yake peke yake. Tazama insafu hiyo! Hakuwalaumu wasikilizaji kwa kutofahamu. Ubaya aliubeba mwenyewe kabla hajaulizwa.

JAWABU KWA VIJANA

Sasa nakugeukia wewe kijana, uliyekuwa ukifurahi kusoma hapo juu. Haki yako ni ya kudai ulichoahidiwa. Si haki yako kudai ulichokitamani. Ukitaka shujaa aoe, aishi, arudi kwao, na hapana aliyekuahidi hayo, basi huna dai. Una huzuni. Huzuni ni halali yako, lakini usiivike nguo ya haki.

Tena, haki ina namna ya kudaiwa. Katika ugomvi ule wa 2012 walikuwako waliodai vizuri. Kundi moja lilichanga zaidi ya dola 80,000 kwa ajili ya watoto walio hospitalini, kupitia shirika la Child's Play, ili ionekane kwamba hawakukusanyika kwa chuki. Wengine waliipelekea kampuni vikeki kama 400, vyenye sukari ya rangi tatu juu yake, nyekundu, buluu na kijani, na ndani ladha ya vyote ni moja. Hakuna tusi hata moja katika vikeki vile, na hoja ilifika mpaka tumboni.

Walikuwako pia waliotukana. Na mwaka 2020, katika ugomvi mwingine juu ya gemu la pili la The Last of Us, watu walimtishia maisha Laura Bailey, mwanamke aliyemwigiza mmoja wa wahusika, na mtoto wake mdogo naye hakusalimika na vitisho. Mwanamke huyo hakuitunga hadithi! Hii ndiyo hasira iliyopofuka: inamwacha mwenye deni, inampiga mpita njia. Hasira hasara; na hasara ya kwanza ni kwamba kuanzia siku ile wenye mali walipata pa kujificha. Kila mlalamikaji wa haki huhesabiwa pamoja na mtukanaji, na dai lake halisomwi.

MWISHO WA UGOMVI

Nini kilitokea? Mmoja wa waasisi wa kampuni, Ray Muzyka, ambaye kwa elimu ni daktari wa tiba, aliwaandikia watu waraka mwezi ule ule wa Machi 2012. Alisema wataisikiliza lawama yenye hoja na hawataisikiliza jeuri. Mwishoni mwa Juni kampuni ikatoa nyongeza bila ya malipo: haikubadili njia zile tatu, ila ilieleza kilichofuata baada ya kila moja, na ikaongeza njia ya nne, ya kukataa zote. Mwezi ule ule baraza linalosimamia matangazo ya biashara Uingereza lilitoa uamuzi kwamba tangazo la gemu lile halikuwa la udanganyifu, kwa kuwa miisho ilitofautiana kimaudhui na ilikuwa na mabadiliko madogo madogo kwa mujibu wa uchaguzi wa mchezaji.

Mwenye insafu hauficha uamuzi huo, ingawa unakwenda kinyume naye. Lakini baraza lilipima herufi za tangazo. Kampuni yenyewe, iliyoweza kunyamaza, ilirudi kazini miezi mitatu na kutoa bure kilichopungua. Mtu hafanyi hivyo kwa kitu asichodaiwa. Dawa ya deni ni kulipa, na hata aliyelipa nusu amekiri kuwa deni lipo.

Basi ewe mzazi, kijana wako akija amenuna, usimwambie "mchezo tu". Mkalishe, umwulize maswali matatu. Uliahidiwa nini? Umepewa nini? Na utamdai nani, kwa maneno gani? Akishindwa la kwanza, atajua mwenyewe kwamba hana dai, na atanyamaza bila ya kunyamazishwa. Akiyajibu yote matatu, msaidie aandike barua yake.

Kwa maana kesho hatadanganywa katika gemu. Atauziwa kiwanja chenye wenyewe. Ataahidiwa kazi ya mshahara mnono Maskati au Dubai, afike akute nyingine. Ikiwa nyumbani kwako amefundishwa kwamba ahadi iliyovunjwa ni jambo la kuchekwa, siku hiyo ama atanyamaza adhulumiwe, ama atatukana apoteze haki yake. Na maswali yale matatu hatakuwa nayo, kwa kuwa hapana aliyemwuliza alipokuwa mdogo, siku alipoonewa katika kitu kidogo.