SIRI YA MGONJWA SI MALI YA OFISI



Karani akiugua huenda hospitali kutafuta dawa, wala haendi kutoa ushahidi juu ya nafsi yake. Lakini mara kwa mara twasikia khabari za mtu aliyerudi kazini akakuta jina la ugonjwa wake limemtangulia mezani kwa mkuu wake. Jambo hili halifai kunyamaziwa.

Twakubali ya kuwa mwajiri anayo haki yake. Yampasa kujua kama mtu aweza kazi, na kama hawezi, ni kwa siku ngapi. Cheti cha daktari chatosha kumwambia hayo. Jina la ugonjwa na majibu ya damu ni ya mgonjwa.

Hayo si maoni yetu tu. Hapa Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yakataza mambo ya faragha ya mtu kufichuliwa pasipo haja. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo yazuia khabari za mgonjwa kutolewa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama idhini yake ya maandishi au amri ya mahakama.

Wako wasemao kwamba mtu mdogo hawezi kushindana na wakubwa. Twawajibu kwa hukumu ya mwaka 2013, Nairobi. Mama mmoja alipimwa virusi vya Ukimwi pasipo ridhaa yake, na jawabu likamfikia mwajiri wake, chuo kikuu kimoja. Mahakama ya kazi iliamuru alipwe karibu shilingi milioni 7.

Basi aliyedhulumiwa afanye nini? Kwanza, atazame karatasi alizotia sahihi, maana huenda idhini imo ndani yake. Pili, aiandikie hospitali barua, aulize ni nani aliyetoa khabari, lini, na kwa ruhusa gani. Naye aweke nakala. Tatu, apeleke malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa maandishi au kwa mdomo. Sheria ya mwaka 2019 yaagiza uchunguzi umalizike katika siku 90, tena yampa aliyeumizwa haki ya fidia, hata kwa uchungu wa moyo. Asiporidhika, Mahakama Kuu i wazi kwake. Ikiwa kosa ni la daktari, liko Baraza la Madaktari. Na ikiwa ni khabari ya Ukimwi, liko Baraza Maalumu lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2006.

Neno la mwisho latuhusu sisi wenyewe. Faili za hospitali hushikwa na makarani, na barua za wakubwa hupigwa chapa na makarani. Mtu akiogopa ya kuwa siri yake itatoka, ataficha maradhi mpaka yamshinde. Kwa hiyo, ndugu, tukidai siri zetu zilindwe, na tuanze kwa kuzilinda za wenzetu zilizo mikononi mwetu.