Baada ya Kutua Mzigo



Kabla gari moshi halijafika Tabora, mji wetu uliishi kwa miguu ya watu. Wapagazi walitoka Bagamoyo, wakapita Unyanyembe hata Ujiji, kila mmoja na mzigo wake wa karibu frasila mbili, yaani ratili sabini. Ilikuwa kazi ya ujira, na Wanyamwezi waliionea fahari. Lakini ilikuwa kazi ya mwili, na mwili una siku zake. Bega lilipochoka, na reli ilipowasili mwaka 1912, mpagazi hakuwa na budi kutua mzigo. Akishatua, afanye nini?

Swali hilo humngoja pia kijana wa leo aliyeweka tumaini lake lote katika mpira, hata akaanza kuiona shule kuwa ni kupoteza wakati. Mchezo ni kazi yenye heshima yake. Ila mchezaji wa kulipwa huwa mzee wa kazi hiyo hali bado ni kijana wa watu. Kwa hiyo napenda kuwasimulia habari za Mmarekani mmoja, ambaye wema wake ulifika hata kwetu Afrika ya Mashariki.

Jina lake Jackie Robinson, aliyezaliwa mwaka 1919 katika jimbo la Georgia. Alipata kusoma chuo kikuu, ijapokuwa hakumaliza. Mchezo wake ulikuwa besiboli, mchezo wa kupiga kijipira kwa gongo. Siku zile ligi kuu za Marekani zilikuwa za Wazungu watupu. Tarehe 15 Aprili 1947, Robinson aliingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers. Alitukanwa na kutishwa; naye alikuwa amemwahidi mwajiri wake, Branch Rickey, kwamba hatarudisha tusi kwa tusi. Akajibu kwa mchezo. Mwaka 1949 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake, na mwaka 1955 timu yao ikatwaa ubingwa. Baada ya msimu wa 1956, akiwa na miaka 37, alicheza mara ya mwisho.

Wengi wakishafika hapo hubaki barazani wakisimulia ushindi wa zamani. Robinson aliingia kazini katika kampuni ya kahawa ya New York, akiwa mmoja wa wakubwa wake, akisimamia mambo ya wafanyakazi. Mwaka 1964 alishirikiana na wenzake kuanzisha benki mtaani Harlem, Freedom National Bank, kwa kuwa watu weusi walikuwa wakinyimwa mikopo kwingineko.

Na mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya alikuwa akihangaika. Vijana walikwisha kupata nafasi katika vyuo vya Marekani, lakini nauli hawakuwa nayo. Robinson, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier, alitia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani msaada. Watu kwa maelfu wakatoa walichonacho, na mwezi wa Septemba wanafunzi 81 wakasafiri kwa ndege. Mwaka uliofuata wakaenda wengine wengi zaidi, na vijana wa Tanganyika wakawamo. Hivyo jina lililopatikana kwa gongo likasaidia kuwalipia nauli watoto ambao mwenyewe hakuwajua.

Robinson alifariki mwaka 1972, umri wake miaka 53, maradhi ya sukari yamekwisha kuyadhoofisha macho yake. Mwaka uliofuata mkewe, Rachel, alianzisha mfuko wa kuwasomesha vijana kwa jina la mumewe, nao wafanya kazi hata leo.

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kuuona mwepesi mzigo usiokuwa kichwani mwako. Lakini mzigo mzito mtu hajitwiki peke yake; hapana budi mwenzake amsaidie kuunyanyua.

Basi, kijana, cheza, na ucheze kwa bidii. Lakini usikiache kitabu, kwani ndicho utakachoshika mguu utakapochoka. Nawe mzazi, usimpige mwanao kwa sababu ya mpira. Mkalishe, umwulize maneno mawili tu: Siku utakapotua mzigo huu, utashika nini? Na ni nani utakayemtwika wake?