Kosa Si la Jua: Picha za Kioo na Rangi ya Kahawia

Picha iliyochapwa kwa mkono juu ya kioo ikianza kugeuka manjano, wengi hulilaumu jua. Mara nyingi chanzo kimo ndani ya picha yenyewe, nacho ni haipo, yaani thaiosalfeti ya sodiamu, iliyobaki katika gelatini kwa sababu ya kuoshwa harakaharaka. Kazi ya haipo ni kuyeyusha chumvi za fedha ambazo hazikupata mwanga. Isipoondolewa, huishambulia fedha iliyoijenga picha na kuigeuza salfaidi ya fedha, yenye rangi ya manjano au kahawia. Haipo iliyotumika mno huleta madhara yale yale.

Kwa Ufipa jambo hili si dogo. Malungu, zile tanuri ndefu za udongo ambamo Wafipa waliyeyushia chuma, baadhi yake zingali zimesimama, nazo zinaliwa na mvua. Shule ya Sumbawanga itakayozipiga picha na kuzichapa juu ya kioo huenda ikabaki na picha baada ya tanuri kuanguka.

Kisingizio cha uhaba wa maji hakina nguvu. Kioo, tofauti na karatasi, hakinywi dawa. Ni gelatini tu inayohitaji kuoshwa. Adui hasa wa huko ni baridi. Sumbawanga ipo kwenye kimo cha mita zipatazo 1,800, na maji ya Juni au Julai huondoa haipo polepole mno. Hapana budi yapashwe moto hadi nyuzi 20 za Selsiasi, yasizidi 25, gelatini isije ikabanduka. Picha ipitishwe katika haipo mara mbili, ya pili ikiwa mpya, kisha isuuzwe, ilowekwe dakika chache katika salfaiti ya sodiamu ya asilimia 2, halafu ibadilishiwe maji mara sita.

Nani atathibitisha kuwa imetakata? Mwalimu wa kemia, kwa nitrati ya fedha ile ile anayopimia kloridi. Tone moja la asilimia 1 lidondoshwe ukingoni pasipo picha. Likiacha doa la kahawia, kazi ya kuosha irudiwe.

Kioo kikishakauka kiwekwe mbali na moshi wa kuni na rangi mbichi ya mbao. Vioo visifungwe pamoja kwa mpira: mpira una salfa, na huweza kuacha mstari wa kahawia hata juu ya picha iliyooshwa vizuri.