Ng'oeni Shina Moja Kwanza

Katika nchi za milimani, kama Lushoto na Njombe, njegere ni fedha. Mama anayefikisha debe lake sokoni hurudi na madaftari, sabuni na nauli ya mtoto wa shule. Kwa hiyo majani yakianza kugeuka rangi, nyumba nzima huingiwa na wasiwasi, na mara baba hukimbilia duka la pembejeo akarudi na chupa ya dawa ya kupulizia. Mimi naona desturi hiyo yatupotezea fedha nyingi. Isinunuliwe dawa yo yote kabla ya kung'oa shina moja na kuitazama mizizi yake.

Majani ya chini yakiwa ya manjano, huenda mmea umekosa naitrojeni. Lakini mizizi iliyooza nayo huleta manjano yale yale, na tuta lililotuama maji vivyo hivyo. Ni nani awezaye kuyatenganisha hayo kwa kutazama majani peke yake? Hata Bwana Shamba, ukimpelekea jani moja mfukoni, atakuuliza habari za mizizi.

Chimba kando ya shina, wala usilivute kwa nguvu, maana mizizi iliyooza hukatika ikabaki udongoni, nayo ndiyo uliyokuwa ukiitafuta. Ioshe katika ndoo. Mizizi mizima ni myeupe na ina vinundu vidogo. Wako watu ambao wakiviona vinundu hivyo hudhani ni ugonjwa, wakaing'oa njegere njema! Kumbe ni nyumba za bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Wataalamu wawili wa Ujerumani, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, walilionyesha jambo hilo kati ya mwaka 1886 na 1888, na njegere ilikuwa mojawapo ya mimea waliyoifanyia majaribio. Pasua kinundu kwa wembe. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, bado hakijaanza. Kikiwa cha kijani, kimekwisha choka. Tena kinundu cha kweli hubanduka kwa kidole. Uvimbe usiobanduka, yaani mzizi wenyewe umevimba, ni kazi ya minyoo fundo, nao ni wadogo mno hata macho hayawaoni.

Mizizi ikiwa ya kahawia au myeusi, hasa karibu na pale mbegu ilipoota, na ukiipasua ukaona mstari mwekundu ndani, shuku ukungu uitwao fusariamu. Ganda la mzizi likiteleza likatoka, ukabaki uzi wa katikati tu, hiyo yaweza kuwa afanomisesi, ambayo mbegu zake hukaa udongoni miaka 10 na zaidi. Katika hali zote hizi, dawa iliyopuliziwa majani haiponyi mzizi uliokwisha oza. Wala kumwaga mbolea nyingi ya chumvichumvi si tiba: naitrojeni ikizidi udongoni, njegere huacha kujitengenezea vinundu.

Kinachofaa ni kazi ya jembe. Inueni matuta, chimbeni mifereji, pandeni mbegu safi, na njegere zisirudi mahali pale pale kabla ya miaka 3 au 4. Mahindi, kabichi na vitunguu vikae hapo kwanza. Maharage yasihesabiwe, maana ni ndugu yake njegere.

Najua wazazi watasema kwamba miaka 4 ni mingi kwa mwenye robo eka. Neno hilo ni zito. Lakini na aigawe robo eka yake vipande vinne, njegere zikae kipande kimoja tu kila mwaka. Atavuna chache kuliko jirani yake kwa mwaka wa kwanza, naam, lakini jirani akiendelea kupanda juu ya ugonjwa, sijui mwaka wa tatu atavuna nini.

Kwa shule yetu naomba jambo moja. Wanafunzi wa baiolojia wapewe ruhusa kung'oa shina moja katika kila tuta la njegere wakati maua yanapoanza, na mizizi ile, imeoshwa, iwekwe juu ya meza Siku ya Wazazi, mwalimu akiwa hapo na wembe.