Sahani ya bei poa isimhukumu ng'ombe
Mimi ni fundi wa maabara Shinyanga, na nina ugomvi na wanaonunua sahani za ELISA, kipimo cha kingamwili, kwa kutazama bei tu. Sahani ina vishimo 96. Antijeni hunata kwenye plastiki, kingamwili dhidi ya bakteria wa brusela kutoka seramu ya ng'ombe huing'ang'ania, mwishowe rangi hutokea kuashiria maambukizi. Plastiki isiponasa sawasawa, sampuli ileile husomeka tofauti kishimo hadi kishimo. Vile 36 vya pembeni ndivyo vikorofi hasa: hupata joto mapema, hukauka upesi, na joto la Oktoba huku kwetu mnalijua. Mfugaji wa Geita achinje ng'ombe mzima kwa sababu kishimo kimesomeka vibaya? Ndugu zangu wa manunuzi, kabla ya kusaini tuleteeni sahani za aina mbili tatu, tujaze seramu moja vishimo vyote, tulinganishe.