Ramani ya Kazi: Penseli Iwe Mikononi Mwetu Pia



Mwajiri akibandika ukutani karatasi kubwa yenye visanduku na mishale, akasema ni ramani ya kazi ya kuondoa upotevu, swali letu la kwanza huwa moja: nani atapunguzwa?

Hofu hiyo ina asili yake. Mwaka 1911 mafundi wa kusubu chuma katika kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, Marekani, waligoma kupinga kupimwa kwa saa wakiwa kazini. Mwaka 1915 Bunge la nchi hiyo likapiga marufuku fedha za jeshi zisitumike kwa upimaji huo.

Lakini saa ile ilimfuata mtu. Ramani ya kazi hufuata mzigo. Tuchukue jani la chai. Huchumwa, hupelekwa bandani, hupimwa, hungoja lori, husafirishwa, hunyaushwa, husagwa, huachwa lichachuke, hukaushwa, huchambuliwa kwa madaraja, hufungwa. Andika muda chini ya kila hatua, na muda wa kungoja kati ya hatua na hatua. Hapo ndipo ukweli hujitokeza. Jani lililoshindiliwa guniani likingoja lori hupata joto na kuharibika, na chai yake hushuka bei. Mchumaji naye yumo kwenye foleni ya mizani. Anayelipwa kwa kilo halipwi kwa kusimama. Lori likichelewa, hasara ni ya kiwanda na ni ya mchumaji vilevile.

Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota huko Japani, alitaja aina 7 za upotevu: kuzalisha kupita mahitaji, kungoja, kuhamishahamisha mizigo, hatua zisizo za lazima, kulimbikiza akiba, mwendo wa bure, na bidhaa zenye kasoro. Katika orodha hiyo hakuna mahali palipoandikwa "mfanyakazi".

Kwa hiyo hatuikatai ramani. Tunadai mambo matatu.

Kwanza, ichorwe na wanaoifanya kazi: mchumaji, dereva, mtu wa boila, mfungaji. Ofisini hawaijui foleni ya mizani. Saa za mtu kungoja ziandikwe sawasawa na saa za jani kungoja.

Pili, kabla ya kuchora mstari wa kwanza, chama na mwajiri watie saini kwamba hakuna atakayeachishwa kazi kwa sababu ya ramani hiyo.

Tatu, faida itakayopatikana igawanywe. Lori likifika mapema na chai ikipanda bei, sehemu yake ionekane kwenye mshahara. Saa iliyookolewa isigeuzwe kuwa mzigo wa ziada mgongoni mwa mtu yule yule.

Wenzetu wa matawi, msingoje karatasi ya mwajiri. Chukueni daftari, fuateni mzigo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, andikeni unapolala na kwa muda gani. Siku ya mazungumzo, tuingie na ramani yetu. Ramani iliyochorwa bila sisi ni rahisi kutuonyesha sisi kuwa ndio upotevu.