TUJIFUNZE KUSEMA MKUTANONI

Ndugu wanaushirika,

Mkutanoni wanasema wale wale, tena saa nzima. Wengine, hasa kina mama, wananung'unika njiani wakirudi. Makato ya pamba yanapita hivyo hivyo, na jasho ni la wote!

Kule Santa Ana, Marekani, mwaka 1924, Ndugu Ralph Smedley alianzisha chama cha kujifunza kuhutubia, yaani Toastmasters. Hotuba kwa kawaida ni dakika 5 hadi 7. Taa nyekundu ikiwaka, malizia. Halafu mwenzako anakueleza ulipofanya vizuri na pa kurekebisha.

Sisi taa hatuna, lakini saa ya Mwenyekiti inatosha. Darasa letu la kisomo litenge siku moja kwa wiki, kila mtu aseme dakika 5. Anayenyamaza mkutanoni asilaumu makato.

Katibu wa Tawi